Kijiji Kisichokuwako: Ukweli na Huba katika Ujenzi wa Reli Ndogo

Long Wittenham, katika jimbo la Oxfordshire nchini Uingereza, ni kijiji kinachohifadhi kijiji kingine juu ya meza. Hicho cha pili huitwa Pendon Parva. Nyumba zake ni nakala za nyumba halisi za Bonde la White Horse jinsi zilivyokuwa katika miaka ya 1920 na 1930, zilizopunguzwa hadi sehemu 1 ya 76. Kuta ni za kadibodi, na matofali yamechorwa na kupakwa rangi moja baada ya jingine, ingawa kwa kipimo hicho kimo cha tofali hakifiki milimita 1. Lakini kijiji chenyewe hakijapata kuwako duniani. Nyumba zimetolewa vijiji mbalimbali, zikatiwa katika ujirani ambao hazikuwahi kuwa nao. Je, kitu ambacho kila kipande chake ni kweli chaweza, kwa ujumla wake, kuwa uongo?

Aliyekianzisha, Roye England, alikuwa Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925. Aliona nyumba kongwe za mashambani zikivuliwa mapaa ya nyasi na kuvikwa vifaa vya kiwandani, na likamuuma jambo ambalo wenyeji wengi walilipita bila kugeuza shingo. Hakuwa na mamlaka ya kumzuia mtu. Akaamua kuzihifadhi kwa mikono, na mwaka 1954 makumbusho ya Pendon yakaanzishwa.

Wapo watakaosema kwamba treni ndogo ni mchezo, na mchezo haudaiwi ukweli. Hoja hiyo haimtoshi mtu aliyetumia miezi mingi juu ya ukuta mmoja ili ufanane na ukuta fulani na si mwingine. Anayejitwisha kazi ya namna hiyo amekwisha kubali kwamba anadaiwa. Wengine watasema kwamba kila kilichoachwa ni udanganyifu. Nao wamezidisha. Kwa kipimo cha 1 kwa 76, kilomita 1 ya reli ingehitaji meza ya zaidi ya mita 13, kwa hiyo hapana mjenzi asiyekata na kufupisha. Ramani huacha mengi, na hakuna amwitaye mchoraji wake mwongo.

Uzito basi hauko katika kuacha, uko katika kile kinachoachwa. Wajenzi wa mandhari hizi wanajua kwamba ukuta uliopakwa rangi mpya huonekana wa bandia, ndiyo maana huongeza masizi, kutu na madoa ya unyevu. Kwa kuta, wao ni waaminifu kabisa. Lakini mtu wa milimita 24 aliyesimama mlangoni hawezi kuonyesha ujira wa kibarua katika miaka ambayo kilimo cha Uingereza kilidorora, wala uchovu wa mwanamke aliyechota maji kisimani wakati wa baridi. Doa la unyevu ambalo ndani ya nyumba lilikuwa maradhi, juu ya meza linageuka pambo.

Msomaji Mswahili aliyeko Muscat au London hana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Akirejea likizo akakuta makuti yameondoka na mabati yameingia, husikitika kwamba mji umeharibika. Huba yake si ya uongo. Lakini yeye hapandi juu ya paa kubadilisha makuti yaliyooza, wala haweki ndoo sebuleni mvua inaponyesha. Ni rahisi kupenda paa ambalo gharama yake inalipwa na mwingine.

Hapo ndipo kazi ya mikono inapotoa funzo. Anayejenga nyumba ndogo tangu mwanzo, bila kununua vipande vilivyokwisha kukatwa, hana budi kuikaribia nyumba yenyewe na kuipima. Hamu humwambia kwamba mlango ulikuwa mpana. Futi humwonyesha kwamba mtu mrefu aliinama ili aingie. Kupima ni namna ya kuikubalia nyumba iwe ilivyo, hata pale inapoisuta hamu. Zaidi ya hayo, nakala ikikamilika, mwenye nyumba hubaki huru kuezeka apendavyo. Kumbukumbu imehifadhiwa, na hakuna aliyelazimishwa kuishi ndani yake.

Linabaki deni moja, nalo ni kutoificha mipaka ya kazi. Pendon Parva haidai kuwa kijiji halisi. Hujulikana wazi kuwa ni cha kubuni. Anayekumbuka nchi kwa mdomo au kwa kalamu anadaiwa vivyo hivyo: akiri kwamba nyumba ni za watu, na kwamba ujirani ameupanga mwenyewe.