Jina la Mtoto wa Farasi: Kuita, Kumiliki na Kuitikiwa

Kumchagulia mtoto wa farasi jina ni tendo ambalo, kwa mtazamo wa haraka, halistahili kuwashughulisha wahakiki wa fasihi. Mnyama huzaliwa, mwenye mali hutamka neno, na shughuli ikawa imekwisha. Hata hivyo, tendo hilo limebeba swali ambalo fasihi na falsafa zimelizungukia tangu kale: je, atoaye jina humtambua yule aitwaye, au humtwaa tu? Insha hii inalichunguza swali hilo kwa kuliweka mahali mahsusi, yaani Plateau, karibu na mji wa Eldoret, ambako historia ya farasi na historia ya majina zimefungamana.

Mahali penyewe ni somo la majina. "Plateau" ni neno la kigeni lenye maana ya uwanda ulioinuka. Uasin Gishu ni jina la tapo la Wamaasai walioshindwa na kutawanywa katika vita vya karne ya 19. Jina lao likabaki juu ya ardhi wasiyoichunga tena. Mji wa Eldoret nao ulianzia kwenye shamba nambari 64, na wenyeji wakaifinyanga nambari hiyo ya Kiingereza kuwa "Sisibo". Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walifika huko mwaka 1908 kwa magari ya maksai, wakiwa na farasi wao. Uwanda huo wa baridi, ulioinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, uliwafaa wanyama ambao katika nchi za chini waliuawa na maradhi ya mbung'o.

Hapa ndipo swali la kimaadili linapopata makali. Katika mashamba ya walowezi, farasi wa uzao bora alikuwa na jina lake, na jina la baba na la mama yake, yote yakiwa yameandikwa kitabuni. Saisi aliyemlisha na kumsugua, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliweza kuitwa "boi" hadi uzeeni, na tangu kipande kilipoanza kutekelezwa katika miaka ya 1919 na 1920, alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Haitoshi, basi, kudai kwamba kumpa mnyama jina ni ishara ya utu. Jina laweza kutolewa kwa ukarimu zizini na kunyimwa mtu aliyesimama mlangoni mwa zizi hilo hilo.

Jambo hili Leo Tolstoy alilidokeza katika hadithi ya "Kholstomer", iliyochapishwa mwaka 1886, ambamo farasi mwenyewe ndiye msimulizi. Kitabuni farasi huyo ana jina moja. Watu wakamlakabu jingine kwa sababu ya hatua zake ndefu. Kinachomshangaza zaidi ni neno "wangu". Anatambua kwamba wanaomwita wao si lazima wawe ndio wanaomlisha wala wanaompanda. Viktor Shklovsky, katika makala yake ya mwaka 1917, aliitumia hadithi hiyo kueleza jinsi sanaa inavyokifanya kilichozoeleka kionekane kigeni. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaishia kwenye mbinu. Kinachogeuzwa kuwa kigeni pale si kitu chochote tu, bali ni umilikaji. Na jina ndilo mlango unaopitiwa na umilikaji huo.

Yamkini atasema mtu kwamba jina jema ni lile linalotabiri. Farasi wa mbio wa uzao safi husajiliwa kwa jina lisilozidi herufi 18, nafasi zikihesabiwa, na wamiliki wengi hupenda kuzijaza kwa ushindi na utukufu. Fasihi ya Kiswahili inaijua njia hiyo. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert anawaita wahusika wake Adili, Hasidi na Mwivu, na msomaji huonjeshwa hukumu kabla ya tendo. Katika hadithi ya mafunzo jambo hilo halina kasoro, kwa kuwa mhusika ameumbwa ili alitumikie jina lake. Mtoto wa farasi hakuumbwa hivyo. Aitwapo Ushindi, anatwishwa tamaa ya mwingine. Naye akishindwa, huchekwa kwa ahadi asiyoitoa.

Wanandi wanayo njia nyingine. Majina kama Kiprop, Kibet na Kipkoech hayatabiri. Yanashuhudia tu kwamba mtoto alizaliwa wakati wa mvua, mchana au alfajiri. Aidha, katika desturi ya kurenet, majina ya wahenga yalitajwa moja baada ya jingine hadi mtoto mchanga alipopiga chafya, na chafya hiyo ikachukuliwa kuwa itikio. Pingamizi liko wazi: chafya haina maana ila ile iliyotiwa na wazee, na hata mtoto wa farasi hupiga chafya. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini halibomoi hoja. Desturi hiyo haithibitishi kwamba mtoto amechagua. Inamlazimu mwenye kutoa jina anyamaze na kusikiliza baada ya kila jina, na akubali kwamba alilolipenda yeye laweza kupita bila kuitikiwa.

Je, mtoto wa farasi aliyezaliwa kwenye mvua ya Plateau aitwe Kiprop? Kwa kuwa majina hayo ni ya watu, na kwa kuwa katika ardhi hiyo hiyo watu walivuliwa majina ilhali farasi wakivikwa, kuazima huko kungekuwa ni mzaha juu ya kidonda. Kinachostahili kuazimwa ni subira ya desturi hiyo, wala si jina lenyewe. Mnyama na aachwe kwanza atembee, na ijulikane anaitikia mlio gani na sauti ya nani. Kwa kawaida atakuwa ameizoea sauti ya saisi kabla ya sauti ya mwenye shamba.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Gizani hakuna kitabu kinachosomeka. Kuna sauti iitayo na sikio ligeukalo. Haki ya kutoa jina, kwa hiyo, haifuati hati ya ununuzi. Inamfuata yule atakayeita usiku wa mvua na kutoka kwenda kumtazama aliyeitwa, na maadamu mtu huyo naye ana jina, halina budi kuulizwa kwanza.