Mitumbwi Mingine

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya usimulizi, wanafunzi wangu hapa Liuli huandika harakaharaka: nafsi ya kwanza ni "mimi", nafsi ya tatu ni "yeye", na msimulizi maizi ni yule anayejua yote, hata yaliyo moyoni mwa mhusika. Wanakariri, wanafaulu. Ninayebaki na swali ni mimi, maana Jumapili mimi ndiye msomaji wa masomo kanisani, na kanisani ajuaye yaliyo mioyoni ni Mmoja tu. Je, ni halali mwanadamu kukikalia kiti cha ajuaye yote?

Chukua dhoruba aliyoituliza Yesu katika Injili ya Marko, sura ya 4. Kwetu Nyasa haihitaji mahubiri marefu. Upepo wa mwera ukichachamaa, hata mvuvi aliyezeeka majini huvuta mtumbwi wake mchangani akatulia. Mathayo na Luka nao wanaisimulia dhoruba hiyohiyo. Lakini ni Marko anayeuona mto aliolalia Bwana kule nyuma ya chombo, na ni yeye anayetaja, kama kwa kupita tu, kwamba vyombo vingine vilikuwapo pia. Akishavitaja, havirudii tena. Hadithi inabaki ndani ya chombo kimoja hadi mwisho.

Mimi huwawaza wale wengine. Walilowa maji yaleyale, wakapiga kasia kwa hofu ileile, kisha ghafla ziwa likalala. Bila shaka walifika nyumbani wakasema upepo umekatika, tumshukuru Mungu, chakula kiko wapi? Hawakusema uongo. Walisimulia kutoka mahali walipokuwa wamekaa.

Kitabu cha Ayubu kinafanya kinyume chake. Msomaji anapewa tangu sura ya 1 maneno yaliyosemwa mbinguni, Shetani alipoomba ruhusa ya kumjaribu Ayubu. Ayubu hapewi. Hata Mungu anapomjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, anamweleza habari za bahari, mbuni na farasi wa vita. Habari ya yale mazungumzo hamwambii kamwe. Katikati wamekaa rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari, na kila mmoja anajua kwa nini mwenzao anateseka. Mwishoni hasira ya Mungu inawaka juu yao, si juu ya Ayubu aliyelalamika kwa sauti kubwa.

Hapo ndipo ninapopata jibu langu. Mtunzi wa Ayubu naye ameketi kiti cha maizi, lakini ametuketisha hapo ili tuone jinsi marafiki wale wanavyopotoka. Huo ni usanii, na ni halali. Kilicho haramu ni kukibeba kiti hicho kwenda nacho msibani. Mtumbwi ukizama, kijana akafa maji, kabla hata hajapatikana utawasikia watu: Mungu alimpenda zaidi, alikuwa mkaidi, kuna jambo katika ukoo ule. Mama yake amekaa kwenye mkeka anasikiliza wenzake wakimsimulia maisha ya mwanawe kana kwamba walikuwapo mbinguni yakiamuliwa. (Sisi wa kanisani tumo humo, tena mstari wa mbele.)

Na historia ina maizi wake. Tarehe 13 Agosti 1914, Liuli ikiitwa Sphinxhafen na Wajerumani, meli ya Waingereza Gwendolen ilikuja kuishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Rhoades wa Gwendolen na nahodha Berndt wa Wissmann walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Berndt hakuwa na habari kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vimeanza; alipanda kamashua akaenda kumfokea mwenzake, akidhani amelewa. Akachukuliwa mateka. Waingereza waliisimulia kama kichekesho, na vitabu vimeipokea hivyohivyo: mabwana wawili, chupa na mzinga. Hata hasira za Berndt zimetufikia kwa kinywa cha aliyemshinda.

Nami hucheka ninapoisoma. Halafu naangalia ufuko huu, nauliza nani alikuwa akianika dagaa asubuhi ile. Nani alibeba mtoto akakimbilia milimani, bila kujua Sarajevo, kulikozuka kisa cha vita hivyo, ni nini? Miaka minane kabla, Wajerumani walikuwa wamewanyonga wazee wa Wangoni kule Songea katika vita vya Majimaji. Aliyesikia mizinga Liuli alikuwa na sababu zake za kuelewa mlio ule. Sitaki kumtungia mawazo yake, nisije nikawa Elifazi. Nataka kusikia.

Walioshuhudia wamekwisha kufa. Wajukuu wao wako Lundu, Mbamba Bay, Lituhi, na wengine wamehamia kwenye kahawa kule Mbinga. Kama kwenu kuna bibi au babu aliyepokea habari za siku ile, mwulize mwaka huu, usingoje likizo ijayo. Yaandike kama anavyoyasema, na pale anaposema hajui, andika kwamba hajui.