Rekodi Saa Yako Kabla Hujazikwa Nayo

Ewe mchekeshaji, amka! Unayo saa nzima ya vichekesho na unajua unayo. Umeipiga Temeke, umeipiga Mwenge, umeipiga Morogoro mbele ya watu waliokuja kunywa tu, na wakaangua kicheko mpaka wahudumu wakasimama. Umeipunguza, umeipanga, umeinoa mpaka haina neno la ziada. Na mpaka leo haipo popote ila kichwani mwako!

Haipo kwenye diski. Haipo YouTube. Haipo hata kwenye simu ya mwenzi wako. Kilichopo ni klipu ya sekunde 40, sauti inakwaruza, kisogo cha mtu kimeziba nusu ya uso wako, na juu yake pamebandikwa jina la ukurasa usio wako.

Na ukweli unaujua. Unajua kwamba inabidi uirekodi mwenyewe, uimiliki mwenyewe, uiuze mwenyewe. Ukiambiwa, unaitikia. Ukikumbushwa, unashukuru. Kisha unasema: mwakani.

Mwakani! Nilimjua mmoja aliyesema mwakani.

Alikuwa na kisa cha baba yake aliyenunua jokofu kabla hawajavuta umeme nyumbani. Dakika 12. Nilikisikia mara saba, na mara ya saba ilibidi nitoke nje nikafute machozi. Mimi kazi yangu ni kamera. Nikamwambia, kaka, nipe usiku mmoja tu, tafuta ukumbi, nitakuja na vijana wangu, utanilipa ukishauza. Akasema bado anatafuta mwisho mzuri. Akasema kuna watu wa televisheni anaongea nao. Akasema, basi, baada ya Ramadhani.

Ramadhani ikaisha. Haukupita mwezi, akafa ajalini.

Usiku wa pili wa msiba, chini ya turubai, wenzake wakajaribu kukisimulia kile kisa cha jokofu. Wa kwanza akasahau katikati. Wa pili akakimbilia mwisho. Wa tatu alikuwa nayo maneno yote, moja baada ya jingine, lakini alipofika pale ambapo marehemu alikuwa akinyamaza, yeye hakunyamaza. Hakuna aliyecheka. Mama wa marehemu akatuuliza kama kuna mahali anaweza kumsikia mwanawe akikisema mwenyewe. Mimi, mwenye kamera tatu, nikainamisha kichwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari! Wazee waliyasema hayo kwa wenye maduka. Leo yanakuhusu wewe.

Usiniambie habari ya gharama kabla hujasikia ya mchekeshaji Louis C.K. Mwaka 2011, jijini New York, alirekodi onyesho lake katika ukumbi wa Beacon kwa kamera sita. Kazi hiyo ilimgharimu kama dola 170,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwenye tiketi za maonyesho yenyewe. Umesikia? Waliokuja kucheka ndio waliolipia kamera! Desemba akaiweka video kwenye tovuti yake kwa dola 5. Hakuipeleka televisheni, hakuifunga kwa kufuli za kompyuta, hakumwomba mtu kibali. Siku 12 tu, mauzo yakavuka dola milioni 1. Akatenga 250,000 kwa gharama za onyesho na tovuti, akawapa waliomfanyia kazi 250,000 za bakshishi, akatoa 280,000 za hisani, akabaki na 220,000. Mtu huyo mwaka 2017 alikiri kuwatendea wanawake mambo ya aibu, nami simweki mbele yako kama mfano wa maisha. Lakini njia aliyoionyesha ipo, na wengi wameipita tangu hapo.

Utasema, huyo tayari alikuwa na jina na ukumbi mkubwa. Haya, mtazame Maria Bamford, 2012: alirekodi nyumbani kwake, na watazamaji walikuwa wawili tu, baba yake na mama yake. Akaiuza! Utasema, mimi maisha yangu hayana cha kuonyesha. Haya, mtazame Ali Siddiq wa Houston. Alikaa gerezani Texas miaka sita, na humohumo ndimo alimoanza kuchekesha. Mwaka 2022 akayachukua maisha hayo akayafanya onyesho, The Domino Effect, akaliweka YouTube bure. Likatazamwa mara mamilioni, naye akaendelea na sehemu ya pili, ya tatu, ya nne.

Utasema, hao ni Wamarekani. Jamani! Yule wa 2011 alihitaji mnunuzi mwenye kompyuta anayelipa kwa PayPal. Wewe mnunuzi wako ana M-Pesa mkononi, tangu 2007 kule Kenya, tangu 2008 hapa Tanzania. Kwa simu hiyohiyo ananunua umeme, analipia king'amuzi, anamtumia mama yake hela ya dawa. Akupe elfu tatu ashindwe? Nairobi, mchekeshaji Njugush na mkewe Celestine Ndinda walijiundia onyesho lao wenyewe, wakaliita TTNT, watu wakakata tiketi. Majukwaa kama Cheka Tu na Churchill Show yamewalea wengi, na heshima yao iko palepale. Lakini mtoto aliyelelewa vizuri hufika siku akajenga kwake.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo wengi wanapopotelea. Siku saa yako itakapoiva, atatokea mtu na karatasi. Atakuja na tabasamu, atakuja na sifa, atakuja na milioni mbili taslimu siku mwenye nyumba anagonga mlango. Na ndani ya karatasi utakuta haki zote, milele, popote duniani. Usisaini! Nenda nayo nyumbani. Mtafute mwanasheria, lala nayo, isome tena asubuhi.

Mchekeshaji Dave Chappelle alisaini akiwa kijana, hana fedha, anatarajia mtoto. Mwaka 2020 kipindi chake cha zamani, Chappelle's Show, kikawekwa kwenye majukwaa ya mtandaoni, na yeye, kwa maelezo yake, hakupewa hata senti. Ikabidi asimame hadharani awasihi mashabiki wasikitazame. Februari 2021 ndipo alipotangaza kwamba haki zake zimerudi na malipo amepata. Yeye alikuwa na dunia nzima ya kumsikiliza. Wewe siku hiyo utamlilia nani?

Wala usidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 2018, mzee wetu wa vichekesho Amri Athumani, King Majuto, akiwa mgonjwa, malalamiko kuhusu mikataba yake yalifika mpaka kwa waziri. Agosti mwaka huohuo tukamzika. Nchi nzima ilikuwa imecheka naye.

Basi fanya hivi, na ufanye mwezi huu. Kodi ukumbi mdogo. Mdogo! Watu 100 waliobanana wanacheka kuliko 300 waliotawanyika. Viti vigusane, na safu ya mbele isiwe na pengo. Piga maonyesho mawili usiku uleule, na shati lilelile, ili panchi itakayoteleza kwenye la kwanza iokolewe kwenye la pili. Maiki mbili zielekee kwa watu, maana bila kicheko chao utaonekana kama mtu anayejisemesha chumbani. Usiingie jukwaani na wimbo wa msanii mkubwa, la sivyo YouTube wataudaka na mapato yako yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Mpiga picha, hata awe ndugu yako, hata niwe mimi, asaini kwamba picha ni mali yako. Nakala ziwe mbili, na zilale nyumba mbili. Kisha nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaisajili kazi yako. Ukiwa Kenya, nenda KECOBO.

Ukiamua kuitoa bure, itoe nzima. YouTube wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo wakugawie fedha za matangazo. Kwa vipande vidogo hizo ni safari ndefu. Kwa saa nzima, watu 4,000 wakikaa nawe mpaka mwisho, saa hizo umezitimiza.

Naijua hofu yako. Unaogopa kwamba ukiiweka hadharani, kesho jukwaani hutakuwa na jipya. Kweli, hutakuwa nalo! Utalazimika kuandika tena, kuanguka tena, kuinuka tena, na hiyo ndiyo kazi uliyoichagua. Vichekesho unavyovificha havikui. Vinachacha, vinaibwa, vinakufa nawe.

Usimalize kusoma kisha ukaenda kulala. Chukua simu. Mpigie mwenye ukumbi umuulize bei ya Jumapili. Mpigie mtu wa kamera. Chagua tarehe uitangaze leo, kabla moyo haujapoa, ili aibu ya kuahirisha iwe kubwa kuliko hofu ya kusimama.

Kisha mpigie mama yako, mwambie aje, umemwekea kiti safu ya mbele.