JE, MTAONANA TENA?

Kijana mwenzangu! Usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho.

Yuko mtu unayetamani kumwona. Labda ni mama. Labda ni bibi aliyekulea, au rafiki mliyekuwa mkivua pamoja. Amekufa. Sauti yake bado unayo kwenye simu na usiku unaisikiliza. Vijiweni unacheka na wenzako, lakini moyoni unasema, laiti ningemwona hata dakika moja!

Mimi pia ninaye. Mdogo wangu alitoka Ikombe Jumamosi alfajiri na mtumbwi wenye vyungu vya mama, anawahi soko la Lyulilo pale karibu na Matema. Upepo ukabadilika. Mtumbwi tuliupata umepinduka, na chungu kimoja kilitupwa ufukweni kizima. Yeye hatukumpata. Mama alikaa ufukweni wiki tatu. Kila mtumbwi ukitokea kwa mbali, anasimama. Watu wakatushauri twende kwa mganga, eti atatuonyesha marehemu ndani ya beseni la maji. Mbuzi akatoka, hela ikatoka, na ndani ya beseni tuliona nyuso zetu wenyewe. Mfalme Sauli naye alikwenda Endori akitaka kumwona Samweli, akaambulia habari ya kifo chake (1 Samweli 28). Usiende huko!

Sasa sikiliza. Tarehe 30 Julai 1946 meli ya Vipya ilizama katika ziwa letu hili hili, upande wa Malawi ya leo, wakafa watu 145. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza, wakafa mamia. Wengine maji hayakuwarudisha mpaka leo. Je, Mungu amewasahau? Hapana! Ufunuo 20:13 inatuambia kwamba siku inakuja ambapo maji yatawatoa wafu wake wote. Kwa hiyo mdogo wangu nitamwona. Na wewe wako utamwona. KUONANA MTAONANA! Lakini mstari huo huo unasema watu hao watasimama kuhukumiwa. Basi sikuulizi kama mtaonana. Nakuuliza, MTAKAA PAMOJA?

Kila msiba watu wanasema "tutaonana mbinguni." Hata aliyelewa tangu asubuhi anasema hivyo hivyo. Kwani mbinguni mtu anafika kwa hamu? Nikiwa na hamu ya kwenda Mbamba Bay, nikakaa tu bandarini nikiitazama meli, nitafika?

Soma Luka 16. Yule tajiri alikuwa na ndugu watano na aliwapenda. Lakini alipokuwa katika mateso hakuomba waje kumwona. Aliomba waonywe, WASIJE! Na aliyekufa katika Kristo yeye anataka ufike alipo. Umeona? Mpendwa wako, popote alipo leo, anakutakia jambo moja tu: UOKOKE.

Mimi nilikuwa nimeokoka miezi miwili tu. Usiku ule tulilala chumba kimoja na mdogo wangu. Nilitaka kumwambia habari za Yesu, nikaona aibu. Nikasema, kesho. Ndiyo maana leo natembea na karatasi hizi, na wewe sikuonei aibu.

Kulia si dhambi. Yesu mwenyewe alilia katika msiba wa Lazaro. Ila Paulo anasema tusilie kama watu wasio na tumaini, kwa sababu Yesu alikufa akafufuka. Waliokufa ndani yake watafufuka kwanza, kisha walio hai watachukuliwa pamoja nao (1 Wathesalonike 4:13-17). PAMOJA NAO, kijana!

Sema sala hii kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, nimekuja. Nimetenda dhambi, na hamu yangu haiwezi kunifikisha kwako. Naamini ulikufa kwa ajili yangu ukafufuka. Nisamehe, niandike katika kitabu chako cha uzima. Tangu leo mimi ni wako. Amina."

Kama umeomba hivyo, usiondoke uwanjani. Njoo mbele ya jukwaa, au mtafute aliyekupa karatasi hii. Mwambie jina lako, na jina la yule unayemlilia.