Mtoto Ni wa Nani?

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka Msamvu, mjini Morogoro, liliwaka moto, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Msiba wa namna hiyo huacha swali ambalo rambirambi hazilijibu: mtoto aliyebaki ni wa nani?

Waluguru, wenyeji wa milima iliyo juu ya mji huo, wana jibu la kale. Kwa mila yao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana dhamana juu yake. Baba akifa, mtoto angali na kwao. Anacholishwa huko ni haki yake, wala si sadaka.

Hata hivyo, mila hiyo ina ukomo. Mtoto mchanga aliyetupwa, mama yake asijulikane, ataitwa wa ukoo gani? Hapo ndipo utu wetu unapopimwa. Bweni laweza kumpa chakula na blanketi. Lakini walezi wa zamu, leo huyu kesho yule, atamwita yupi mama? Kijiji cha watoto cha SOS kilichofunguliwa Zanzibar mwaka 1991 kilijengwa juu ya wazo hilo: nyumba moja, mama mlezi mmoja, ndugu wa kukua nao. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu malezi ya kambo na kuasili.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba msingi wa ujamaa ni familia, nayo yapasa ipanuke ivuke mipaka ya kabila. Wahenga nao walinena: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Basi tukishauliza nani atamlisha yatima, tuulize pia nani atamwita “mwanangu” hata atakapokuwa mtu mzima.