Ndiva na Sahani ya Santuri

Mji wa Same umekaa bondeni penye ukame, ilhali mvua na mawingu vimebaki juu ya milima ya Upare. Apitaye barabara ya Tanga kwenda Moshi huona vumbi, mibuyu na mkonge, asidhani kuwa Vudee, Mbaga na Chome kuna vijito. Huko watu walichimba ndiva tangu zamani, yaani mabwawa madogo ya kukinga maji usiku ili yafunguliwe mchana, yaende mashambani kwa zamu. Ukoo ulioichimba ndiva hukumbukwa kwa jina, walakini wamwagiliao si ukoo huo peke yake. Asiyetokea siku ya kuzoa tope hutozwa faini. Basi jina ni la wachache, maji ni ya wengi, na tope ni la kila mwenye kutumia.

Kwa kipimo hicho na liulizwe swali linalowasumbua wapenda nyimbo: wimbo ukishanaswa studioni, ni wa nani?

Mwaka 1969 bendi ya Uingereza, Led Zeppelin, ilitoa albamu yake ya pili, ya roki iliyojengwa juu ya bluzi ya watu weusi wa Marekani. Wimbo wa kwanza humo, "Whole Lotta Love", ulichota maneno katika utungo wa Willie Dixon, ambao Muddy Waters aliurekodi mwaka 1962. Jalada halikumtaja Dixon. Mwaka 1985 alishitaki, mwaka 1987 wakapatana, na matoleo ya baadaye yakaandika jina lake. Watetezi wa bendi husema kwamba bluzi yote ni kuazimana, na kwamba Dixon naye alirithi kwa waliomtangulia. Ni kweli, wala si hoja ya kupuuzwa. Lakini walioazimana huko Mississippi na Chicago walizoa tope pamoja; kila mmoja alichota na kila mmoja akarudisha. Aliyekuja na ndoo kubwa, akauza maji mbali na akalifuta jina la wachimbaji, huyo hakuazima. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hapa kwetu kisa kina sura nyingine. Katika miaka ya 1970 bendi za Tanzania zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki humo. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatulia sahani, kwa hiyo aliyetaka santuri aliitafuta Nairobi. Patrick Balisidya alikwenda mbali zaidi: yeye na Afro 70 walishirikiana na bendi ya Uswidi, Archimedes Badkar, na ikatoka albamu ya "Bado Kidogo". Wageni wale walikuwa na njia ya kuchota midundo na kunyamaza. Badala yake walikaa na wenyewe wakapiga pamoja.

Radio nayo haikuiba. Ilihifadhi, na bila ya uhifadhi ule nyimbo nyingi zingekwisha pamoja na waliozipiga. Hata hivyo ndiva iliyofungwa mlango mchana kutwa ina lawama yake, maana aliyelima chini hangoji sifa ya bwawa, angoja maji.

Msomaji wa mwambao atauliza: je, sisi hatuimbi beti bila ya kumjua mtunzi? Twaimba. Tungo za Muyaka zilipita vinywani miaka mingi kabla ya Mwalimu Sikujua kuzikusanya, na aliyeziimba kwa mapenzi hakumdhulumu mtu. Kutojua ni udhuru. Ajuaye na akanyamaza kwa sababu kunyamaza kwamfaa, huyo hana udhuru, awe mwenye kiwanda London au mpiga chapa wa mtaani. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yaweza kumlipisha fedha. Aibu haimo katika vifungu vyake.

Balisidya alifariki mwaka 2004, na wimbo wake "Harusi" haujachoka. Mshereheshaji apigaye wimbo huo arusini Same, chini ya milima ileile, ana kipaza sauti mkononi na wageni wametulia. Kumtaja Patrick Balisidya na Afro 70 hakutaichelewesha pilau.