Lango Moja la Waxahachie

Wanaosimulia maisha ya Bessie Coleman hupenda kuanza na anga: mwanamke Mweusi, miwani ya rubani, ndege ya mbao na kitambaa. Mimi naanza na matambara, kwa sababu hapo ndipo kuna swali ambalo limenikalia kooni.

Mwaka 1922, akiwa tayari ni rubani mwenye leseni, Bessie alipewa nafasi kubwa katika filamu na kampuni ya Wamarekani Weusi wenzake. Akakubali. Alikuwa anatafuta pesa, na si za mapambo. Alitaka kufungua shule ya urubani kwa ajili ya Weusi, kwa kuwa katika Marekani nzima hakuona shule iliyokuwa tayari kuwafundisha. Filamu ingemtangaza na kumsogeza karibu na shule hiyo. Kisha akaambiwa kwamba katika tukio la kwanza angeonekana amevaa nguo zilizochakaa, fimbo mkononi na mzigo mgongoni, msichana mshamba anayeingia mjini. Bessie akakataa, akaondoka zake.

Je, alikuwa na haki ya kukataa? Simaanishi haki ya kisheria, maana hiyo kila mtu anayo. Namaanisha haki mbele ya wale ambao wangesoma katika shule ile.

Usikimbilie kujibu. Tuliolelewa kwa msemo kwamba utu hauuzwi tutasema ndiyo, tena kwa sauti kubwa. Lakini utu uliolindwa siku ile ulikuwa wake, na shule ilikuwa ya wengine. Mtu akikataa mshahara wake mwenyewe kwa ajili ya heshima, anayelala njaa ni yeye. Akikataa pesa ambayo ingewafungulia wengine mlango, gharama inagawanywa kwa watu ambao hawakuwepo kwenye mazungumzo.

Tena hakuwa mtu asiyejua dhiki. Alizaliwa Atlanta, Texas, tarehe 26 Januari 1892, akakulia Waxahachie katika mashamba ya pamba, ambako msimu wa mavuno ulikuwa na nguvu kuliko ratiba ya shule. Alifua nguo za watu. Alifika chuo cha Langston, Oklahoma, akasoma muhula mmoja, pesa zikaisha. Mwaka 1915 alihamia Chicago, akawa anatengeneza kucha za wateja katika duka la kinyozi. Kaka yake John, aliyerudi kutoka vitani Ufaransa, alimtania kwamba wanawake wa kule wanarusha ndege, jambo ambalo yeye hataliweza. Shule za Marekani zikamfungia milango, kwa rangi na kwa jinsia. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende Ufaransa. Bessie akajifunza Kifaransa, akapanda meli Novemba 1920, akafunzwa Le Crotoy katika shule ya ndugu wa Caudron, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya Fédération Aéronautique Internationale. Leseni inasema alizaliwa 1896. Miaka minne imeyeyuka njiani, na mimi simlaumu hata kidogo.

Kwa hiyo aliyekataa matambara ni binti aliyewahi kufua nguo za watu. Hapa kuna pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa: je, hakuwa anawaonea haya watu wake? Kuna ubaya gani kuonyesha msichana maskini anayeingia mjini? Yeye mwenyewe aliingia Chicago hivyohivyo, kama si kwa fimbo basi kwa mfuko mtupu. Ukilisoma tukio hili kwa jicho kali unaweza kuona mtu aliyepanda juu na hataki kukumbushwa alikotoka.

Silikubali pingamizi hilo, ingawa linanitikisa. Fikiria jinsi msichana wa kazi anavyochorwa katika michezo yetu mingi: kilemba cha ovyo, lafudhi ya kijijini iliyokuzwa ili tucheke, akili nzito. Hakuna anayesema wasichana wa kazi hawapo. Kinachouma ni kwamba sura hiyo imerudiwa hadi imekuwa ndiyo pekee. Marekani ya miaka ile ilikuwa imezoea kumwona Mweusi jukwaani akiwa mjinga aliyevaa viraka, na mtazamaji alikuwa amecheka kabla hajafungua mdomo. Rubani Mzungu angeigiza ombaomba Jumatatu na Jumanne akarudi kuwa rubani. Bessie hakuwa na Jumanne. Alikuwa peke yake, na mtu aliye peke yake hana sura yake binafsi. Kila anachovaa kinavaliwa na wote. Huo ni uonevu, lakini ndio uliokuwa mezani siku ile.

Wapo walioandika wakati huo kwamba mwanamke huyu hatabiriki. Labda. Wanaume wenye msimamo huitwa majina mengine.

Basi tumwite shujaa asiyeinama, tufunge mjadala? Hapana, kwa sababu ya Waxahachie. Baadaye alirudi Texas kufanya maonyesho, na katika mji ule aliokulia waandaaji walipanga malango mawili, la Wazungu na la Weusi. Akasema harushi ndege mpaka watu wote wapite lango moja. Baada ya mvutano wakakubali, ila kwa sharti: ndani, viti vitabaki vimetengwa. Na Bessie akaruka.

Nusu shari kuliko shari kamili, tunasema. Lakini kama nusu ilitosha uwanjani, kwa nini haikutosha kwenye filamu? Tukio moja la matambara, kisha filamu nzima akiwa mhusika mkuu: hiyo nayo si nusu?

Nimelizungusha sana swali hili. Jibu ninaloliegemea ni kwamba uwanjani alikuta ubaguzi umeshasimikwa, akausogeza kwa hatua moja. Mwili wake na ndege yake havikusema uongo wowote. Kwenye filamu angekopesha mwili wake mwenyewe ili uongo wa zamani urudiwe. Kuna tofauti kati ya kushindwa kuondoa ubaya wote na kuajiriwa nao. Hata hivyo, najua tofauti hiyo inaonekana vizuri zaidi ukiwa juu kwenye ndege kuliko ukiwa umekaa kwenye kiti cha waliotengwa.

Shule hakuijenga. Alitoa mihadhara, akafungua saluni ya urembo Florida kutafuta pesa, akanunua ndege aina ya Jenny iliyochoka. Fundi wake, William Wills, aliirusha kutoka Dallas huku ikimsumbua njiani. Tarehe 30 Aprili 1926, Jacksonville, walipaa pamoja, Wills akiwa kwenye usukani. Bessie hakufunga mkanda, alitaka kuchungulia uwanja ambako kesho yake angeruka kwa parachuti. Spana iliyosahauliwa ikakwama kwenye mitambo ya kuongozea, ndege ikapinduka, akaanguka. Wills naye alikufa. Bessie alikuwa na miaka 34.

Kuna kishawishi cha kuchora mstari ulionyooka: angekubali matambara angekuwa na ndege nzuri, na angeishi. Mstari huo siuamini. Spana husahaulika hata kwenye ndege mpya. Lakini siuamini pia mstari wa upande wa pili, unaosema msimamo wake ulilipa kwa sababu mwaka 1929 William J. Powell alianzisha Bessie Coleman Aero Club huko Los Angeles na Weusi wakajifunza kuruka, na kwa sababu Mae Jemison alibeba picha yake angani mwaka 1992. Tukiupima uamuzi kwa yaliyofuata, tutalazimika kusema kwamba kama Powell asingetokea, Bessie alikosea. Alipotoka pale kwenye filamu hakumjua Powell.

Namfikiria kijana wa Chicago aliyekuwa na miaka 17 mwaka 1922, mwenye hamu ya kurusha ndege. Powell alipofungua klabu yake, kijana huyo alikuwa na miaka 24, pengine ana mke na kazi kiwandani. Hakuna aliyemuuliza chochote. Ningependa kumsikia yeye kwanza kabla sijampigia Bessie makofi, na bado nadhani ningempigia.